Shangazi Anafunga Begi

Shangazi mtu hafungi begi, anapigana nalo. Tangu asubuhi amelipigia magoti, analowesha kidole gumba kwa mate kila anapokunja kitu, na hakuna anachokunja kilicho cha binti anayesafiri. Ni viatu vya baba mdogo atakayempokea huko, mapazia ya mkewe, sufuria. "Sufuria za huko haziivishi," anasema, kisha anachomoa gauni jingine la binti na kulitupa kitandani. "Nguo atanunuliwa."

Mama mtu amejikaza kisabuni kutwa nzima. Mtoto ana miaka kumi na mitano, kesho anapanda ndege peke yake kwa mara ya kwanza, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama anaogopa. Ilipofika zamu ya sweta, shangazi akamvika binti hilo juu ya sweta jingine, akampigapiga mabega. "Haya, inua mikono nikuzungushie mapazia."

Mama akalinyanyua begi, akalimwaga lote sakafuni. Sufuria ikabingirika hadi mlangoni.

"Mwanangu anakwenda kutembea, wifi. Si punda wenu."

Shangazi aliinama akaokota soksi za baba mdogo, akalowesha kidole, akazikunja vizuri, akazitia mfukoni mwa binti.