Noti Iliyopigwa Pasi

Usinione nimenuna, rafiki yangu. Jumamosi nilikwenda Posta, kwenye duka la mnunuzi wa noti za kale, na tangu siku hiyo wivu haujanitoka rohoni.

Tulikwenda wawili, mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Kila mmoja alibeba noti ya Kimarekani iliyoachwa na babu, aliyekuwa baharia. Ni noti kuukuu, pana kuliko dola za leo, zina jina la benki ya mji fulani mdogo wa huko, maana enzi hizo benki zao zilitoa noti zenye majina yao wenyewe. Mnunuzi alisema za benki ile zimebaki chache mno. Ya mdogo wangu akaitajia bei ya kuezekea nyumba. Yangu akaigeuza mara moja, akanirudishia.

"Hii ilifuliwa, mama. Wakusanyaji hawaitaki."

Ilifuliwa, ndiyo. Niliifua mimi.

Tulilelewa Kariakoo kwa bibi, katika nyumba iliyonukia vitumbua tangu alfajiri, nje wachukuzi wakipiga kelele za mzigo, mzigo. Bibi alimpenda mdogo wangu waziwazi. Kitumbua cha kwanza kilikuwa chake. Changu kuchota maji na kuosha vyombo. Bibi alipotugawia zile noti mkesha wa Idi, mwenzangu aliitupia yake sandukuni akaenda kucheza. Mimi niliifua yangu, nikaitia wanga, nikaipiga pasi ya mkaa pamoja na kanzu za wajomba, ili bibi anione. Na akaniona. Aliiinua mbele ya wageni akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa uvivu wa mwenzangu umemlipa, bidii yangu imenitia hasara. Nani asingeona wivu? Tulipotoka dukani nikamtupia maneno: tubadilishane basi, si wewe ndiye uliyependwa siku zote.

Hakucheka. Alitoa noti yake mkobani, maana hakuwa ameiuza bado, akaninyooshea.

"Lete hiyo yako, dada. Yangu bibi hakuwahi kumwonyesha mtu."

Nyumba ya bibi siku hizi ni ghorofa la maduka ya vitenge, na pale alipokaangia vitumbua pana jenereta. Harufu ya wanga imeshaondoka kwenye noti, nimeinusa sana. Bado namwonea wivu mdogo wangu, hilo silifichi. Lakini yangu sikumpa.