Njegere, Mbwa wa Dada Ruth

Kwa miaka thelathini na moja Ebenezeri Mlay alikuwa bwana mifugo, na Kirua Vunjo nzima hakukuwa na zizi ambalo hakuwahi kuliingia. Aliwakaripia wanaume wazima mbele ya wake zao kwa sababu ya ng'ombe aliyesimama kwenye tope, au mbwa aliyefungwa mnyororo mchana kutwa bila maji. Alipostaafu, watu waliendelea kumwita Mwalimu, naye aliipenda heshima hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ndiyo maana jambo la mbwa wa dada yake lilimuumbua vile.

Dada yake, Ruth, alikuwa mkunga mstaafu, akiishi peke yake Shirimatunda, mjini Moshi. Miaka minne nyuma, familia moja aliyokuwa akiwauguzia bibi yao ilihamia Dodoma, kwenye nyumba isiyoruhusu wanyama, ikamwachia kimbwa chao cha Kizungu, aina ya maltizi: cheupe pe, manyoya marefu kama hariri, uzito haufiki jogoo wawili. Siku kilipoletwa Ruth alikuwa barazani anamenya njegere. Kikazila nusu bakuli kabla wenyewe hawajaaga, na jina likapatikana hapo hapo.

Ruth alimchana Njegere kila asubuhi, akamfuta macho, akampikia wali na maini bila chumvi. Kanisani walimcheka, lakini hakujali. Aliyejali ni Ebenezeri. Kila alipomtembelea na kumkuta na yule mbwa mapajani, alijisikia kana kwamba dada yake amevaa nguo ya ndani nje ya gauni.

Mwezi wa Julai Ruth aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Hospitalini mguu wake ulifungwa uzito wa kuuvuta, akaambiwa atalala hapo wiki nane au zaidi. Ebenezeri alipokwenda kumwona, hakuzungumza habari za mguu.

"Eben, mchukue Njegere. Jirani amemlisha siku mbili hizi, lakini anasafiri. Mchane kila asubuhi, mpaka kwenye ngozi, siyo juu juu. Macho mfute kwa maji ya uvuguvugu. Na asilale nje, hajazoea kuwa peke yake."

"Dada, unamfundisha kazi bwana mifugo?"

"Sifundishi. Namwomba mdogo wangu."

Angekataaje? Marehemu mke wake, Stella, alipougua miezi saba kitandani, ni Ruth aliyepanda kutoka Moshi akakaa naye, akamwogesha, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Tangu hapo hakuwahi kumwomba Ebenezeri kitu. Hili ndilo lilikuwa la kwanza.

Ebenezeri alipanda na Njegere kwenye pikapu ya Fabian, jirani yake aliyekuwa akishusha maziwa mjini kila asubuhi. Mbwa alimweka kwenye kikapu, akamfunika kitenge. Njiani kikapu kikatikisika.

"Mwalimu, umebeba nini humo?" Fabian aliuliza.

"Sungura," Ebenezeri akajibu, akatazama nje dirishani.

Siku mbili za kwanza Njegere alikaa ndani. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Ebenezeri kupokea ibada ya mtaa, na wazee wa kanisa walitarajiwa saa kumi. Akamwona akilini Mzee Efraimu, katibu wa usharika, akiingia sebuleni na kukuta kidude cheupe kimejikunja kwenye kiti cha marehemu Stella. Akamnyanyua mbwa, akampeleka nyuma ya zizi la ng'ombe, kwenye banda la zamani la mbuzi, akafunga komeo. Kwa saa mbili tu, alijiambia.

Wageni walipoondoka, giza lilikuwa limeingia na baridi ya Julai imeshuka. Akasema atamtoa kesho. Kesho yake akaja mtu kuulizia mche wa kahawa, keshokutwa akaja mwingine. Juma likaisha. Mbwa alikuwa anapata ugali uliobaki, na maziwa asubuhi na jioni, na Ebenezeri akaanza kujiambia kwamba mbwa ni mbwa, hata mababu walifuga mbwa kibandani na hawakufa. Chanuo la Ruth lilibaki ndani ya kikapu.

Kila Jumapili baada ya ibada Ruth alipiga simu kutoka wodini.

"Njegere anaendeleaje?"

"Vizuri. Yupo hapa sebuleni, amelala."

"Unamchana?"

"Kila siku, Dada."

Jumapili ya nne alisema, "Hebu mwekee simu sikioni, anisikie."

Ebenezeri aliinuka. Akatoka na simu, akapita zizini, akafika bandani, akainyoosha kwenye upenyo wa mbao. Ruth akaita, "Njegere! Njegere wangu!" Humo ndani kitu kikajirusha mlangoni, kikalia, kikakwaruza mbao, kikalia tena, sauti nyembamba isiyokatika. Ebenezeri aliporudisha simu sikioni alimsikia dada yake akicheka na machozi.

"Umesikia alivyofurahi? Mungu akubariki, Eben. Sasa naweza kulala."

Ebenezeri alikata simu akabaki amesimama pale. Alijua kabisa kinachompasa kufanya. Lakini kumtoa mbwa siku hiyo kungekuwa kukiri zile Jumapili zote, hata kama hakuna wa kumsikia. Akaondoka.

Jumatano ng'ombe wake alikataa majani, na Ebenezeri akampigia simu Gladness, afisa mifugo wa kata. Huyu binti alifanya mafunzo yake ya vitendo chini yake, na mpaka leo alimwamkia kwa kupiga magoti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Gladness alimpima ng'ombe, akampiga sindano, na alipokuwa ananawa mikono akainua kichwa.

"Kuna nini kule nyuma? Nasikia kama kitoto kinalia."

Kabla Ebenezeri hajamzuia, Gladness alikwishafungua komeo. Alichuchumaa akamvuta mbwa kwenye mwanga.

Manyoya yalikuwa yamesokotana yakawa magamba ya kijivu, mengine yamevuta ngozi mpaka mbwa hakuweza kunyoosha shingo. Macho yalikuwa yamefungwa na tongotongo. Miguu ndiyo iliyokuwa mibaya zaidi. Vumbi kavu la banda lilikuwa limejaa funza, na vidole vya mbele vilikuwa vimevimba vikatanuka, asiweze kusimama bila kutetemeka. Kuhusu vumbi la namna ile Ebenezeri aliwahi kuhutubia vijiji vizima: fagia, mwagia maji, usilaze mnyama humo.

"Mwalimu, huyu ni wa nani?"

Na hapo Ebenezeri akasema neno ambalo mpaka leo likimrudia akiwa kanisani hawezi kuimba. Alisema, "Wa mtu wa mjini. Nimeletewa juzi, nikampokea hivyo hivyo."

Gladness akatikisa kichwa. "Basi mwenyewe ni katili. Mtu anamnunua mbwa kwa urembo, halafu anamtupa. Watu kama hao wangefungwa wao."

Ebenezeri akainama kumnyanyua mbwa. Aliyekuwa akiitwa katili ni Ruth.

Walimbeba mpaka barazani. Gladness alichukua mkasi, akaanza kukata magamba kidogo kidogo, akitenganisha na ngozi kwa vidole. Kisha akaomba beseni la maji ya chumvi na pini iliyochemshwa, akamwomba Ebenezeri ashike mguu. Alitoa funza mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti, jinsi Ebenezeri mwenyewe alivyomfundisha, ili asisahaulike hata mmoja. Wa tano. Wa sita. Mbwa hakuuma. Alikuwa amegeuza uso pembeni, akipumua haraka haraka, na kila pini ilipoingia alijikaza kama mgonjwa aliyezoea.

Gladness alipofika wa kumi na moja, Ebenezeri akasema, "Siyo mwenyewe."

"Nini, Mwalimu?"

"Mbwa huyu ni wa dada yangu. Alimkabidhi kwangu akiwa mzima, mweupe. Nimemfungia mle wiki nne. Nimekudanganya."

Gladness hakumtazama. Masikio yake yalibadilika rangi, kana kwamba aliyeona haya ni yeye. Mwisho akasema, "Shika mguu vizuri, Mwalimu, asivute," akaendelea kuhesabu. Walipomaliza, akampaka mafuta, akaandika dawa kwenye karatasi, akaaga kwa heshima zote. Ila safari hii hakupiga magoti, na Ebenezeri aliona.

Usiku huo Njegere alilala ndani, kwenye kiti cha Stella, amenyolewa mpaka akafanana na panya. Asubuhi Ebenezeri alishuka Moshi. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini alipofika kitandani kwa Ruth yakamtoka bila mpangilio: ibada ya mtaa, banda, funza, simu, na lile alilomwambia Gladness. Hilo la mwisho alilisema akiangalia sakafu.

Ruth alimsikiliza mpaka mwisho. Mwanamke wa kitanda cha pili alijifanya analala.

"Kwa hiyo siku ile ya simu," Ruth alisema, "hakuwa anafurahi."

"Hapana, Dada."

"Alikuwa ananiita nimtoe."

Ruth aligeuza uso ukutani.

"Stella nilimgeuza kila baada ya saa mbili, Eben. Miezi saba. Hakupata kidonda hata kimoja."

Ebenezeri alitamani dada yake ampigie kelele, amfukuze mbele ya wodi nzima. Ruth hakufanya hivyo. Aliuliza mguu upi wa Njegere umeumia zaidi, na kama anakula, na sasa yuko na nani. Halafu akasema, "Rudi nyumbani. Macho yake yanafutwa na jioni pia."

Akarudi. Tangu siku hiyo alimhudumia mbwa barazani, mahali panapoonekana kutoka njiani, kwa sababu alijua akimhudumia ndani atakuwa bado anaficha. Fabian alipita akamwona, akauliza kama yule ndiye sungura, na Ebenezeri akasema ndiyo, alimdanganya, ni mbwa. Wengine walicheka, Mzee Efraimu akaguna. Kucheka kwao hakukumuuma kama alivyokuwa akiogopa kwa wiki zote zile. Kilichomuuma ni Njegere, ambaye kila alipomsogelea na chanuo alilala chini kwanza, akajikaza.

Ruth alitoka hospitali Oktoba, na kwa kuwa hakuweza tena kuishi peke yake, alipanda Kirua akakaa kwa mdogo wake. Njegere alimsikia tangu getini. Alimrukia, akaanguka, akamrukia tena, na Ruth, akiwa kwenye kiti na magongo pembeni, alimshika miguu, akapapasa kidole kimoja kimoja. Viwili havikuwa na kucha. Aliomba maji ya kunywa.

Mpaka sasa wanaishi pamoja, wote watatu, na wanaelewana. Manyoya yameota. Ila wageni wanaokuja kumjulia hali Ruth humwona Njegere akichechemea asubuhi za baridi, na lazima mmoja atauliza aliumia wapi. Ruth hainui macho kwenye kikombe chake. Anasubiri, na Ebenezeri anaweka chupa ya chai chini, anajibu mwenyewe, tangu mwanzo, bila kuruka kitu.