Msimu Tulioishi Chini ya Paa la Jirani

Tulikuwa tukikaa Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mji ukiwa upande wa pili, karibu na reli. Baba yangu, tuliyemwita papa, alikuwa seremala. Babu zake walikuja na misafara ya biashara kabla ya Wabelgiji, na nyumbani kwetu watu waliswali, walifunga Ramadhani na walisema Kiswahili walichodhani ni bora kuliko cha majirani. Nyuma ya ua wetu, ng'ambo ya mfereji mwembamba wa maji ya mvua, alikaa karani wa stesheni, Mkristo aliyetoka Maniema na mkewe na watoto wao wanne. Kila asubuhi alipita kwetu na koti la kazi lililopigwa pasi, na kofia ya reli kichwani.

Kabla ya uhuru, yeye na papa walikuwa wakicheza damu, ule mchezo wa kete, barazani kila Jumapili. Uchaguzi ndio uliowaharibia. Kila mmoja alishika chama chake, wakabishana mbele ya watu, na papa akasema neno juu ya watu wa Maniema ambalo hakupaswa kulisema. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Uhuru ukaja, bendera zikapandishwa, mabwana wa reli wakaondoka, wale wawili bado wanapishana njiani kama watu wasiojuana. Mama na mke wa karani hawakuwa na muda wa mambo hayo. Waliendelea kupeana moto na chumvi juu ya mfereji, waume zao wakiwa kazini.

Dhoruba ilikuja alasiri, mwanzoni mwa mvua kubwa, mwaka ule ambao habari za uasi zilianza kutufikia kutoka mashariki. Nilikuwa natwanga ndizi zilizochemshwa za kufinyanga lituma, tonge letu la kila siku, pamoja na dada yangu mdogo. Mto ulibadilika rangi ukawa mweusi, na kuku wakaingia ndani wenyewe. Mama alitoka kuanua nguo, akatazama juu, akaziacha nguo kambani na kutuvuta ndani kwa mikono. Sikuwahi kusikia upepo wa namna ile. Haukuvuma, ulinguruma, kama gari moshi linalopita chumbani. Misumari ya paa ikaanza kulia mmoja mmoja. Kisha mwanga ukatuingilia kutoka juu, mvua ikatupiga usoni, na paa letu halikuwepo tena. Mama alitulaza chini ya benchi zito la papa la kupigia randa, akatulalia juu. Ukuta wa upande wa mto ulianguka taratibu sana, kama mtu aliyechoka anayekaa chini.

Upepo ulipotulia tulitoka nje, tukaona mtaa mzima uko wazi kichwani. Mabati yalikuwa juu ya miti, ndani ya mfereji, mengine yanaburutwa na mto kuteremkia bondeni. Mitumbwi iliyokuwa imefungwa ufukweni ilikuwa imepandiana kama mbuzi sokoni. Papa alirudi mbio kutoka kazini, amelowa, akatugusa vichwa mmoja baada ya mwingine. Ndipo akatazama nyumba. Alivua viatu, akaingia mferejini na kuanza kutoa mabati.

Kazi ile ilituchukua siku nyingi. Watoto waliokota misumari na kuitia katika makopo. Wanawake walibeba matope kwa mabeseni, maana mto ulikuwa umefurika na kuingia vyumbani, ukaacha uchafu wake mpaka magotini: majani, samaki waliokufa, viatu vya watu tusiowajua. Papa alikaa juu ya gogo akinyoosha mabati kwa nyundo ya mti. Upande wa pili wa mfereji karani naye alinyoosha ya kwake, kwa jiwe, vibaya sana. Papa alimwangalia kwa jicho la pembeni na kuumia kuona bati zuri likipigwa namna ile, lakini mdomo aliufunga.

Ikaonekana kwamba mabati yaliyopatikana hayatoshi. Meli kutoka bondeni zilikuwa hazipandi tena kwa sababu ya vita, na maduka ya ng'ambo yalikuwa na rafu tupu. Majani ya kuezekea yalikuwepo msituni, lakini msituni hakwenda mtu, kwa kuogopa wapiganaji na askari pia. Nasi tulikuwa tunalala chini ya mikeka, na dada yangu ameanza kukohoa.

Mama alivuka mfereji mchana, bila kumwuliza papa. Alikaa na mke wa karani jikoni kwake, nikiwa mlangoni na beseni. Walizungumza kidogo tu. Nyumba ya karani, iliyojengwa na reli, ilikuwa ya matofali ya kuchoma, kuta zake zote zimesimama. Yetu ilikuwa ya udongo, na nusu yake ilikuwa imeanguka. Mabati ya pande zote mbili yakiunganishwa yangefunika nyumba moja, na nyumba hiyo haikuweza kuwa yetu.

"Wanaume watakataa," alisema mke wa karani.

"Watanyeshewa peke yao," mama akajibu.

Papa alikataa mpaka jioni. Kisha mvua ikaanza tena, dada yangu akakohoa, naye akachukua ngazi yake na kuvuka. Alipanda juu ya nyumba ya mtu asiyemsalimia, akapiga misumari. Karani alisimama chini akimpa mabati moja moja. Hawakusemeshana. Papa akitaka bati alinyoosha mkono tu.

Hivyo tukahamia. Walitupa chumba cha nyuma, na pazia la kitambaa cha maua likawa mlango. Mke wa karani, bila kuambiwa, alikisugua chungu kimoja kwa majivu na mchanga mpaka kikang'aa, akasema hicho ni cha mama peke yake, hakitatiwa nyama ya nguruwe wala ya nyani. Mwisho nyama hizo hazikupikwa kabisa, kwa sababu ilikuwa taabu kuwasha mioto miwili, na wote tukala samaki na pondu ya majani ya muhogo katika sinia moja. Asubuhi papa aliswali ukumbini. Jioni wao waliimba nyimbo zao za kanisa, na dada yangu alizijua zote kabla ya mwezi kuisha. Papa alimsikia akiziimba huku anafagia. Alikohoa, akaendelea kula.

Wanaume walizungumza kwa kupitia mama. "Mwambie mwenye nyumba mlango wake unaburuta," papa alisema, na mwenye nyumba amekaa karibu naye kiasi cha kumgusa. "Mwambie fundi ameshakaribishwa kuutengeneza," karani alijibu. Mama alichoka mapema. Alisema yeye si posta, akatoka nje akiwaacha wakitazamana. Lakini mlango ulitengenezwa.

Kisha waasi waliuchukua mji. Kivuko kilisimama, na waliovuka kwa mtumbwi walileta habari kwamba ng'ambo wanatafutwa makarani, walimu na watu wote waliofanya kazi ya serikali, na kwamba wanaopatikana hawarudi. Mke wa karani alilichukua koti la reli na ile kofia, akavitia motoni chini ya chungu cha samaki. Mumewe alikaa ukumbini na mikono mapajani.

Papa akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na suruali yake kuukuu ya kazi na kofia yake ya kuswalia, akaviweka mbele ya karani. Ndipo akamsemesha, mara ya kwanza tangu uchaguzi.

"Vaa. Toka leo unatumika kazi pamoja na mimi."

Waasi walikuja siku iliyofuata asubuhi, vijana watatu na mkubwa wao, wamejifunga majani kichwani. Papa na karani walikuwa uani wakitengeneza madirisha ya jirani mwingine. Mkubwa wao alisema wameambiwa hapa pana mtu wa reli.

"Nyumba ni ya reli," papa alisema. "Huyu iko ndugu yangu. Sisi ni maseremala."

"Onyesha mikono."

Karani alinyoosha mikono yake laini. Mimi nilikuwa na mama karibu na mlango wa jiko, na vidole vyake vilikuwa vimenishika bega mpaka pakauma.

"Hii mikono ya seremala?"

"Anaanza tu," papa alisema. "Upepo ulibomoa hapa kwote. Kazi iko mingi, na mimi niko peke yangu. Alikuwa nauza chumvi, chumvi imekwisha."

Mkubwa alimwamuru apigilie msumari. Karani alichukua nyundo, akaweka msumari juu ya ubao, akapiga, na nyundo ikaangukia kidole gumba chake kwa nguvu zote. Hakulia. Alikitia mdomoni, akachukua nyundo tena, akakosa tena. Vijana walicheka, mpaka mkubwa wao akacheka. Alimwambia papa kwamba amepata mwanafunzi mbaya sana, amvumilie. Wakaenda zao na kuku wetu wawili.

Karani alikaa chini juu ya takataka za randa. Papa akakaa karibu naye, akakishika kile kidole na kukigeuza geuza, akaona kwamba hakijavunjika.

"Lile neno nilisema wakati wa uchaguzi," papa alianza.

"Bon, basi," karani alisema. "Nami nilisema yangu."

Mama alileta maji ya kuoshea kidole, na mke wa karani akaanza kulia sasa, baada ya kila kitu.

Miezi yote ya uasi walifanya kazi pamoja mtaani. Waliinua kuta, waliunga milango iliyovunjika, waliziba paa kwa vipande vya pipa. Karani hakuwa fundi hata siku moja, lakini alijua kushika ubao usitetereke, na aliwachekesha wenye nyumba. Serikali iliporudi, na risasi zikapigwa tena mjini, tulikimbilia mashambani sote pamoja, akina mama wakiwa na vyungu vichwani, na tulirudi pamoja.

Meli zilipoanza kupanda tena, papa alipata mabati mapya. Karani naye aliitwa kazini, akapewa koti jingine. Tulijenga nyumba yetu upya wakati wa jua, kwa matofali ya kuchoma safari hii, na karani alikuja kila jioni baada ya stesheni kutusaidia kubeba. Ilipofika zamu ya jiko, papa alipima hapa, akapima pale, mwishowe akalijenga juu ya mfereji wenyewe, lenye milango miwili, mmoja kwetu na mmoja kwao. Akina mama walipikia humo mpaka nilipoolewa, na mimi nilijifunza humo kupika samaki kama wanavyompika Maniema, ambavyo ndivyo ninavyompika hata sasa.