Mgeni Aliyedhani Mimi ni Mnene

Miaka ile, mitumba ilipojaa masokoni na simu za mkononi zilipoanza kuonekana Singida, mama yangu alipooza upande wa kulia. Duka letu la vitenge nikawa nalifungua asubuhi tu. Mchana nilimlisha, nilimgeuza, nilifua shuka. Kiswahili kilimtoka kabisa, akabaki na Kinyaturu cha utotoni, nacho kwa maneno machache. Kaka yangu, aliyekuwa Dar es Salaam, kazi yake ilikuwa kupiga simu kuniambia nivumilie.

Jirani yetu, mama wa Kihindi mwenye duka la vyombo, ndiye aliyenionea huruma. "Nenda ukapunge upepo, mwanangu. Nitakaa naye mimi." Upepo wa Singida haumwachi mtu hata akijifungia ndani, kwa hiyo nikaenda kwenye kafe ya intaneti karibu na stendi. Kilikuwa chumba chenye joto, na kompyuta zake zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni.

Huko, kwenye kuchati, nikakutana na mwalimu wa shule ya msingi wa Morogoro, mwanamke wa rika langu. Nilimwandikia habari za vitenge vipya, za ndege wa ziwani, za wateja wanaopapasa kila kitambaa na kuondoka mikono mitupu. Habari ya mama sikumwambia. Mjini kila aliyenisalimia alianza na mgonjwa, nami nilichoka kujibu. Kule nilikuwa mcheshi, na nilipotoka nilitembea kama mtu aliyelala akashiba usingizi.

Shule zilipofungwa akaandika: "Nakuja Singida. Tiketi nimeshakata." Kabla sijamjibu, umeme ukakatika.

Basi lake lilipasuka tairi njiani, kijijini Mkiwa, akafika amejaa vumbi la njia nzima. Aliuliza stendi kuhusu duka la vitenge, watu wakamwelekeza hadi nyumbani. Nilimfungulia mlango nikiwa na beseni la shuka mbichi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Karibu."

Akanitazama toka juu hadi chini. "Nilidhani wewe ni mnene. Unaandika kama mtu mnene."

Mama akaita kutoka ndani. Mgeni akaweka begi chini, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama." Mama akasema neno.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama umekula."

Hakuwa amekula. Lakini kwanza alinawa mikono, akaniomba nimwonyeshe namna ya kumgeuza, tukamgeuza pamoja. Ndivyo zilivyokwenda siku zake kwetu. Mizaha yote tuliyoandikiana haikutoka mdomoni. Tulikula ugali kimya, na mara nyingi nilisinzia na tonge mkononi.

Jioni moja, tukianika nguo, akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningepumzikia wapi?"

Akabana kibanio kwenye shuka. "Basi nimekuharibia, dada."

"Hujaniharibia kitu," nilisema, na sote wawili tukajua kwamba ameniharibia.

Alipoondoka, barua pepe zake zote zilianza hivi: Mama anaendeleaje? Amekula? Wewe umelala? Yalikuwa maswali ya upendo. Lakini nikiyasoma pale kafeni kwenye joto nilikuwa nimesharudi kitandani kwa mama. Nikapunguza kwenda. Mwishowe jirani akija kunipokea nilijilaza kwenye mkeka chumba cha pili, nikalala.

Mama alifariki wakati wa baridi. Nilimtumia rafiki yangu ujumbe mfupi, akaja kwa njia ile ile mbovu. Alilala chini na wanawake wa msibani, akachambua mchele, akabeba maji. Shangazi alimuuliza tulisoma wapi pamoja.

"Hatukusoma pamoja," alisema. "Tulikuwa tukiandikiana." Shangazi akaitikia, akampa ungo mwingine.

Hatujaandikiana tena. Tunapigiana simu siku za Idd na za Krismasi, na mmoja wetu akiuguliwa. Mwaka mmoja alisema simchekeshi tena kama zamani. Nikamwambia ni kweli. Akauliza mvua kwetu imenyesha vipi, nikamweleza.