Lul Apeleka Neno Mwenyewe

Lul Yarrow hakuwa mtu wa kukosa darasa la ngumbaru, lakini siku hiyo nusura akose. Ng'ombe wake walikuwa wameamka ndimi nje, na malka, ile njia fupi ya mifugo kwenda mtoni inayopita kando ya shamba la jirani yake Mbodze pale Kulesa, ilikuwa bado imezibwa kwa matawi ya miiba. Kuzunguka njia ya juu kulikula asubuhi nzima. Kiangazi kilikuwa kimeshaangusha ndama wawili wasiinuke tena, na Lul alijua kwamba njia ile isipofunguliwa, wengine watafuata. Hata hivyo alijitanda mtandio akaenda, maana mtu akishaanza Kiingereza na mvi kichwani, aibu ya kuacha hushinda aibu ya kukosea.

Miiba ile Mbodze aliiweka mwenyewe, tangu mchungaji aliposinzia mchana na ng'ombe wa Lul wakaingia kwenye mahindi. Lul hakukana kosa. Alifanya kama mama yake na bibi yake walivyofanya: alimtuma mtu mzima mwenye heshima zake. Shemeji yake, mzee Abdikadir mwenye duka, akaenda na sukari na majani ya chai, akafikisha kila neno bila kutia chumvi. Mbodze akairudisha sukari, na kesho yake akaongeza miiba. Lul alikasirika mpaka chai ikamshinda kunywa. Mtu aendewe na mzee mzima, arudishe sukari! Ujeuri gani huo? Toka hapo wakawa hawasalimiani, na darasani kila mmoja akashika ncha yake ya benchi.

Mwalimu Levis alikuwa kijana kutoka Ozi, mpole, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, na habari za miiba hakuwa nazo. Siku hiyo alifundisha usemi halisi na usemi wa taarifa.

"Mmoja amwambie mwenzake jambo la kweli," alisema, "kisha mwenzake asimame atueleze aliloambiwa. Mama Hodan, wewe na Mama Kahindi."

Mama Hodan ndiye Lul, na Mama Kahindi ndiye Mbodze. Mtu mmoja akakohoa pasipo kikohozi.

Mbodze akaanza, kwa Kiingereza cha kuokoteza. "Ng'ombe wako walikula mahindi yangu."

"Vizuri sana!" akasema mwalimu. "Mama Hodan, tueleze."

Lul akasimama, akalieleza darasa kwamba Mama Kahindi amesema ng'ombe wa Lul walikula mahindi yake. Mwalimu akapiga makofi peke yake. Lul hakusikia makofi. Neno lile lilikuwa halijawahi kupita mdomoni mwake mbele ya watu, na lilikuwa chungu.

Zamu yake ilipofika alijibu, kwa Kiingereza hichohicho: "Nilimtuma mzee kuomba radhi."

Mbodze akasimama ili aeleze, lakini Kiingereza kikamkauka. Akamgeukia Lul, Kiswahili kikamtoka.

"Ulimtuma! Mimi nilimwona shemejio, wewe sikukuona. Kwetu mwenye kosa huja kwa miguu yake. Ukinitumia mtu, umeniambia mimi si wa kuendewa na wewe."

"Wallahi, Mama Kahindi, hapana hivyo!" Lul alishtuka kweli. "Kwetu, mimi nikija mwenyewe, ni kama nakuja kukucheka. Mzee ni heshima."

"Heshima?"

"Heshima kubwa."

Wakatazamana. Miezi yote ile kila mmoja alikuwa amekaa kwake akingoja heshima, na mwenzake ameshampa. Lul alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akawakumbuka ndama wake. Kuomba radhi kwa mdomo wake, hadharani, kwake kulikuwa kama kuvuliwa mtandio sokoni. Lakini ukipenda boga, penda na ua lake; akitaka ujirani wa Mbodze, ilibidi akubali na desturi yake.

"Mama Kahindi," alisema, na ngeli za Kiswahili zikampotea. "Ng'ombe yangu alikula chakula ya watoto yako. Kosa ni yangu. Nisamehe."

Maskini mwalimu Levis, mtu wa kazi yake, bado alikuwa ameinua chaki. "Haya, Mama Kahindi, lieleze darasa. Amesema nini?"

Mbodze alijipangusa macho kwa pindo la leso.

"Hilo sielezi, mwalimu. Ameniambia mimi."

Walipotoka, Mbodze alipitia kwake akachukua mapanga mawili, moja akampa Lul.

"Twende tukaitoe ile miiba," alisema. "Na usimtume mtu."