Mzigo Uliolala Nyuma

Nasema mapema: mimi si mtu wa ugomvi. Nashona nguo, basi. Lakini muuzaji wa kompyuta wa pale nyuma ya benki amenifikisha mahali ambapo nasema peke yangu nikiwa kwenye cherehani.

Baba yangu aliendesha malori miaka thelathini na mmoja. Wenzake walimwita Tela. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, mkono ukalegea, leseni ikachukuliwa. Daktari wa viungo akatuonya kwamba mkono huo usipofanya kazi kila siku, tutaupoteza. Akampa mpira wa kuminya. Baba aliuminya siku mbili, akautupa chini ya kitanda. "Kwani mimi mtoto?"

Ndipo nikasikia habari za gemu la malori. Unafunga usukani wa plastiki mezani, barabara inakuja kwenye skrini, na mkono, utake usitake, unafanya kazi. Nikamnunulia kompyuta ya bei nafuu, iliyofungwa tayari palepale dukani, yenye stika kubwa ya MASHINE YA GEMU. Tuliibeba wawili, yeye huku, mimi kule. Tulipofika mlangoni akasimama.

"Mama, huu mzigo umelala nyuma. Uzito wote umekaa upande mmoja."

"Baba, kilicholala ni mkono wako," nikamjibu, tena nikicheka. Nalijutia neno hilo mpaka leo.

Gemu liliwaka, lakini picha zilikwamakwama. Kona ikionekana, alikuwa ameshaipita. Kila siku lori chali mtaroni, na mtu aliyeshuka milima na tani thelathini mgongoni anaandikiwa kwa herufi nyekundu kwamba ni dereva mbovu! Akaanza kukaa mbali na meza. Mkono ukarudi kulala mapajani.

Nikamrudia muuzaji. "Hapo ni kadi ya picha tu, dada," akasema. "Hiyo ndiyo inayochora kila unachokiona. Weka kubwa zaidi, mambo yatanyooka."

Nilimwuliza mara mbili kama kisanduku cha umeme kilichomo ndani kitaiweza. Akagonga kasha kwa kidole. "Wati mia tano hizo. Si imeandikwa?"

Nikanunua kadi. Nafasi ya ndani niliipima mwenyewe kwa futi yangu ya kushonea, na ikaingia sawasawa. Stika ya waranti ilibidi tuibandue, maana ilibandikwa juu ya skrubu. Hivi nani anauza gauni halafu anakukataza kufungua vifungo?

Baba akashika usukani. Barabara ikaja laini, ungeweza kuhesabu miti. Akaingia kona ya kwanza anatabasamu, na katikati ya kona kompyuta ikazimika. Tukawasha, ikazimika. Mara ya nne akauachia usukani.

"Achana nayo, mama. Mimi nimekwisha."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwita jirani yetu, fundi redio. Akachomoa kile kisanduku cha umeme, akampa Baba amshikie huku akitafuta bisibisi ndogo. Baba akakipimapima kwenye kiganja cha kulia, kilekile tulichodhani hakisikii.

"Upande huu kuna kitu hakina kazi," akasema.

Fundi akafungua. Nyaya chache nyembamba, na kando yake kipande cha chuma, ukubwa wa viberiti viwili, kimegandishwa kwa gundi. Chuma kitupu! Hakikuunganishwa na chochote.

"Hiki hata nusu ya wati hizo hakitoi," fundi akasema. "Chuma kimewekwa ili mkishika mwone kizito."

Tukaenda dukani na chuma chetu. Muuzaji hakukitazama, alitazama stika. "Mmebandua. Waranti imekufa." Nilimpa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baba aliegemeza fimbo yake ya kutembelea, akasogelea rafu, akainua kasha moja kwa mkono wa kulia.

"Hili limelala nyuma." Akashika la pili. "Na hili."

Wateja watatu waliokuwa wakisubiri wakakitazama kile chuma, wakatazamana. Mmoja akarudisha pochi mfukoni. Muuzaji huyo mbio stoo, akaja na kisanduku cha kweli, akakifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa Baba anakula kona zote. Chuma kile ninacho, kinanishikilia kitambaa nikikata. Lakini msidhani yule bwana alijirekebisha. Wiki iliyofuata nilipita nikakuta makasha yaleyale, rafu ileile, stika zilezile. Nikamsimulia Baba. Akaomba viatu vyake.

Tangu siku hiyo, kila Jumatatu na Alhamisi anaingia dukani mle, anasalimia kwa adabu, anaanzia rafu ya chini, anainua makasha moja baada ya jingine, mbele ya wateja. Muuzaji alipomwuliza anatafuta nini, Baba alimjibu:

"Sitafuti kitu, mwanangu. Daktari amesema niinue vitu vizito kwa mkono huu."