Spiriti ya Karakana

Kaka yangu ni fundi wa kupiga msasa na vanishi, na mtaani kwetu hakuna anayemfikia. Mlango aliousugua yeye ukiupitishia kiganja unateleza kama sabuni. Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye kazi, mke na watoto wawili, anakunywa spiriti ya kuyeyushia vanishi. Nachoka hata kuieleza.

Alianza na bia kama wenzake. Kwetu nani hanywi? Kinyozi ananyoa huku chupa iko chini ya kiti. Mlinzi wa ghala hafungui lango mpaka kwanza aliegemee. Vijana wa kijiweni wana vidonge vyao na moshi wao tangu asubuhi, na watu wanaona ni mchezo. Kaka akipita anayumba wanasema, "Fundi leo amepiga vanishi tumboni," wanacheka hadi machozi. Mimi sicheki.

Karakana tuliachiwa na baba, kaka anafanya mbao, mimi nashona matakia. Nilianza kumshtukia siku kabati la bi harusi mmoja lilipotoa ukungu mweupe juu ya vanishi. Ukungu ule hauji bure, ni maji. Kaka alikuwa anakunywa spiriti, halafu anajazia maji kwenye dumu ili tusione imepungua.

"Ni hali ya hewa, dada," akaniambia. Nje jua la utosi lilikuwa linawaka.

Wifi akamburura hadi zahanati. Daktari akasema alazwe, maana spiriti hiyo inaua macho kabla haijamuua mtu mwenyewe. Kaka akasema sawa, amalize oda hii kwanza. Karakana gani inaishiwa oda?

Nikatia dumu kabatini, nikapiga kufuli, ufunguo nikampa mama. Nani angemlinda mtoto kuliko mama yake? Kumbe kila asubuhi mama anampimia kifuniko kimoja, kwa upole, kama anampa dawa ya kikohozi.

"Mikono inamtetemeka, mwanangu," alijitetea nilipomkuta. "Bila hicho hashiki brashi. Watoto watakula nini?"

"Mama, atakuwa kipofu."

"Kwa kifuniko tu?"

Hakujua kwamba kaka alishajichongea ufunguo wa pili. Nilikasirika mpaka nikakosa wa kumkasirikia.

Juzi kaka aliamka analalamika kichwa na tumbo, lakini akaja kazini. Mchana nilimwona anasugua pembe moja ya meza, hiyo hiyo, wakati katikati pote hapajaguswa.

"Kaka, mbona huku umeacha?"

"Washeni taa basi," akajibu kwa ukali. "Mnataka nifanye kazi gizani?"

Milango yote miwili ilikuwa wazi. Jua lilikuwa limemjaa usoni naye hapepesi macho. Mama alikuwa amesimama karibu yangu, tayari ana kifuniko mkononi.

"Nimpe kidogo?" akaninong'oneza. "Labda yatafunguka."

Hasira ilinipanda nikaupiga ule mkono wake, spiriti ikamwagika yote. Nikamshika kaka bega, nikamwambia twende hospitali sasa hivi. Hakunisikia. Harufu ilikuwa imemfikia, na tayari alikuwa amepiga magoti, anaipapasa sakafu kwa viganja vyote viwili.